Safari Ambayo Bado Iko Angani

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu. Mimi mzima, ila usingizi umenipa mgongo. Ofisini tumeletewa viti vipya vya kuzunguka. Mkuu wetu alijaribu kimoja akaanguka, tukacheka hadi machozi.

Kazi yangu unaijua, kupima muda wa kila safari. Saa ya ndege huanza kuhesabu pale kabari za kuzuia magurudumu zinapotolewa, na husimama zinapowekwa tena. Kompyuta haijui kingine.

Ndiyo maana ndege aliyoirusha Twiga, mwanao, inahesabiwa bado. Waliokuwa wakiitafuta baharini walisharudi makwao, lakini kwenye kioo changu inasomeka "Angani", na tarakimu zake zinasogea polepole kama mtu anayepumua.

Leo mkuu alisimama nyuma yangu. "Ifunge hiyo safari, binti. Inatuharibia wastani wa mwezi mzima."

"Niandike imefika saa ngapi, mkuu?"

"Yoyote! Kwani nani atakuuliza?"

Vidole viligoma, Shangazi. Nikiandika saa, nitakuwa nimesema ametua, na mashati yake najua bado unayapiga pasi. Nisipoandika hadi mwisho wa mwezi, kazi sina.

Atakayeniuliza ni wewe. Kwa hiyo nakuomba unijibu, uniambie ni saa ngapi uliacha kumsubiri, nami nitaiandika hiyo. Kama hujaacha, andika tu "bado". Nitampelekea mkuu neno hilo kama lilivyo.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako.