Swichi ya Ghorofa ya Nne

Jumatatu, 4 Machi
Leo tena! Wakati wa chai msimamizi amesema mbele ya wafagiaji wote: ghorofa ya tatu malalamiko hayaishi, ghorofa ya nne kimya. Ya tatu ni yangu. Ya nne ni ya shemeji.

Tangu waanze huu mpango wa kubana umeme, jengo zima limewekwa digrii ishirini na tano. Sisi vibarua kazi yetu ni kuosha vichujio vya viyoyozi, kufungua madirisha ya juu alfajiri hewa ikiwa bado ya baridi, kuyafunga jua likichomoza, na kulinda swichi za baridi za ukutani watu wasizichezee. Mkataba unaisha mwisho wa mwezi. Atabaki mmoja wetu — ajira ya kudumu, na chumba cha kukaa na familia.

Mimi nina mke na watoto. Yeye hana hata kuku wa kumsubiri.

Na nani alimleta hapa? Mimi! Ni mdogo wake mke wangu, nimemfundisha hata kushika bisibisi. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi ndiyo kwanza naugua.

Jumatano, 6 Machi
Kina dada wa ghorofa ya nne wanamwita Fundi Baridi. Mimi nimesikia kwangu naitwa Mzee Marufuku. Sawa.

Mhasibu wa ghorofa yangu leo kasema anaiva kama kiazi. Nikamwonyesha kipimo: ishirini na tano, ndiyo amri. Akanijibu, basi hicho kipimo kije kikae kwenye hiki kiti. Ofisi nzima ikacheka.

Nikapanda juu na ndoo ya vichujio. Nimeona kwa macho yangu! Karani mmoja kaita, shemeji kaja mbio. “Pole dada, ngoja nikushushie kidogo.” Kazungusha swichi, katega sikio kama daktari. “Haya, sasa je?” Yule dada akavuta mtandio mabegani! “Eh, hapo sawa. Usizidishe, nitapata mafua.”

Kumbe ndivyo anavyofanya. Anaiba baridi, anagawa, anasifiwa. Mimi ninayefuata amri naitwa marufuku.

Ijumaa, 8 Machi
Mama watoto kapiga simu. Si kwangu — kwa mdogo wake. Tunakaa chumba kimoja, kwa hiyo nimesikia yote. Mwanangu wa mwisho ameng'oka jino. Jino la mwanangu nalipata kwa kusikilizia!

Baadaye shemeji akanipa simu. Mtoto alikuwa ameshakwenda kuoga. Nikamuuliza mke wangu kwa nini hakunipigia mimi. Akasema, “Wewe kila nikipiga ni pumzi tu. Huyo angalau anachekesha.” Halafu akaniambia nimwige mdogo wake kidogo, anajua kuishi na watu.

Nimekula nimempa mgongo.

Jumatatu, 11 Machi
Nimesema.

Nimemfuata msimamizi ofisini, nikamwambia ghorofa ya nne swichi inashushwa kila siku, umeme unapotea. Akauliza kama nina hakika. Nikasema kwa macho yangu haya. Akasema mhandisi hayupo wiki hii, lakini yeye hahitaji mhandisi kufukuza kibarua. Atamwita keshokutwa. Kama ni kweli, siku hiyo hiyo afungashe.

Nimetoka mwepesi, kama nimetua gunia. Wepesi wenyewe haukufika hata jioni. Nimerudi stoo nimekuta vichujio vyangu vyote vimeoshwa, vimeanikwa. Shemeji. Eti aliniona asubuhi nimeshika kiuno. Nikasema asante. Sijui kama ilisikika.

Jumanne, 12 Machi
Leo shemeji alipokuwa juu ya paa nikaenda ghorofa ya nne kutafuta ushahidi. Nione kaishusha mpaka wapi. Nikazungusha swichi — kimya. Nikaizungusha yote — hewa ile ile. Nikafungua kifuniko kwa bisibisi.

Hakuna waya! Tundu, vumbi na utando wa buibui. Basi.

Nikamtafuta fundi umeme. Alicheka mpaka akashuka kwenye ngazi. Kasema waya alikata yeye, kwa amri ya mhandisi, siku mpango ulipoanza. Joto linaendeshwa na kompyuta kule chini. Nikauliza mbona swichi wameziacha. “Mtu akiona joto anataka kitu cha kuzungusha, mzee wangu. Ukimnyima atakuzungusha wewe.”

Na ya ghorofa ya tatu?

Zote, kasema. Na nisimwambie mtu, hasa msimamizi, maana hana kifua. Wapangaji wakijua, atakayelala njaa ni yeye fundi.

Kwa hiyo nimelinda tundu la ukuta kama askari wa benki. Nimegombana na watu wazima kwa ajili yake!

Na shemeji hajaiba kitu. Amewapa maneno tu, wakapoa. Ningefurahi angekuwa mwizi. Mwizi unamchukia, unashiba. Huyu ana swichi ile ile, mfu kama yangu, digrii zile zile — watu wake wanajifunika mitandio, wangu wanaiva. Nimekaa na hilo siku nzima kama mfupa kooni.

Nikimwambia msimamizi ukweli, ataniuliza wewe basi uliona nini. Chumba kitakwenda kwa Fundi Baridi. Nikinyamaza, mke wangu ataletwa pamoja na watoto kwenye chumba changu, na siku ya kwanza tu ataniuliza mdogo wake alikosa nini.

Jumatano, 13 Machi
Niko kwenye benchi, korido ya ofisi ya msimamizi. Shemeji yuko pembeni yangu. Ameambiwa kuna mtu kamsema. Hakuambiwa nani. Ameniomba nije naye — “Wewe ndiye mkubwa wangu hapa, shemeji. Nani mwingine atanisemea?”

Nimemuuliza polepole, ile swichi yako unaijua ilivyo?

Akanikaribia sikioni. Anajua! Tangu wiki ya kwanza. “Haina kitu mle. Lakini utamwambiaje mtu anayetoka jasho kwamba hatoki jasho? Namwitikia tu, anatulia.”

Basi mwambie msimamizi hivyo, nimesema. Akatikisa kichwa. Fundi umeme alimsihi asiseme, na ana watoto watano yule. “Siwezi kujiokoa kwa kumchongea mtu. Nitasema sikushusha, basi. Akiamini haya, asipoamini nitarudi nyumbani.”

Hata hapo kanipita! Hata kufukuzwa anajua kufukuzwa vizuri.

Mlango umefunguka. Msimamizi anasema tuingie wote wawili. “Mzee atangulie,” kasema, “arudie yale aliyoniambia juzi.”

Shemeji amesimama. Amegeuka ananitazama. Msimamizi anauliza naandika nini. Nimemwambia namalizia, na bado naandika, maana nikiacha itabidi niinue kichwa.