Ndege ya Jumapili Juu ya Msitu

Dada Atieno,

Habari ya huko ziwani? Mimi niko mzima. Hapa Kericho mvua ni kila mchana, na mgongo unauma kwa kuchuma chai.

Kuna mzungu mmoja, rafiki ya bwana wa shamba, ana ndege na anairusha mwenyewe. Kila Jumapili anabeba wageni kuangalia msitu, anapita chini kabisa. Kelele hiyo inafukuza nyuki wa Arap Koech, wanahama mizinga yake huko msituni. Ni yule jirani alileta asali wakati marehemu mke wangu alikuwa hawezi kumeza kitu kingine.

Tulienda kwa bwana wa shamba kuomba ndege iache msitu. Akacheka. "Si nyinyi mnaipungia mikono? Rubani anasema mnafurahi, ndiyo maana anashuka."

Ni kweli. Tukitoka kanisani tulikuwa tunaipungia. Mgeni akipita unamsalimia, sisi tulijua hivyo.

Nikaambia kambi yote ya wafanyakazi, hakuna mtu kuinua mkono wala kuangalia juu. Mama Nyaboke akauliza, "Na shingo, baba, tuifunge kamba?" Nikamwambia afunge.

Jana ilikuja, ikazunguka, hakuna aliyeangalia juu. Ikapanda, ikaenda zake. Leo jioni narudi kwa bwana pamoja na Arap Koech. Mikono tumeshusha, sasa yeye aambie rubani abaki ng'ambo ya mto. Sitoki mlangoni mpaka akubali.

Mungu akutunzie watoto. Ndege ikifika huko, waambie wasiipungie, hata kama ni nzuri.

Ndugu yako,
Ochieng