Kila Sauti Inatokea Kulia

Jumamosi, 8 Juni 2024
Hom thieta imefungwa. Spika tano na sabufa. Sebule imekuwa kama duka. Fundi Elisha kaniwekea kwenye kompyuta konseti yenye sauti isiyobanwa — haikupunguzwa chochote, kila spika na sauti yake. Nimewasha. Redio inayoziendesha spika ikaandika kwenye kioo chake: stereo. Stereo! Spika mbili zinafanya kazi, tatu zimekaa kama wageni.

Jumapili, 9 Juni
Nimetoka kanisani moja kwa moja kwenye setingi. Kumbe kompyuta ilikuwa inachanganya sauti yenyewe kabla ya kuituma. Nimeilazimisha iitume kama ilivyo, redio ndiyo iifungue. Kioo sasa kinaonyesha spika zote. Nikapiga makofi peke yangu.

Kisha jaribio: mlio wa shiii unazunguka spika moja baada ya nyingine. Nyuma kulia — safi. Nyuma kushoto — mdogo, tena unatokea kulia. Nyaya zimepishana.

Jumatatu, 10 Juni
Nimebadilisha nyaya. Bado kulia. Nimezirudisha. Bado kulia. Nimemwita mke wangu asikilize. Yasinta kasimama na mwiko mkononi, kasema ile inalia kushoto, nyuma, pale pale ilipo. Nikamwambia hana uzoefu wa mambo haya. Karudi jikoni.

Jumatano, 12 Juni
Elisha kaja. Kafumba macho, mlio ukazunguka, akaonyesha kidole kila spika bila kukosea. Nikasema ajaribu tena. Akajaribu. Akaniangalia.

“Kaka, hebu ziba sikio la kulia.”

Nikaziba. Nikamwona Elisha anaongea. Mdomo tu.

Kule mgodini Sekenke nilikofanya kazi, karasha ya kusaga mawe ilikuwa kushoto kwangu. Miaka yote ile. Nilidhani nimeacha kazi salama.

Elisha kasema mitambo haina tatizo. Nimemshukuru.

Alhamisi, 13 Juni
Nimemwambia Yasinta. Hakushtuka. Aliweka sufuria chini, akauliza tangu lini. Sijui. Akauliza upande gani. Kushoto.

Kitandani analala kushoto kwangu.

Akasema, “Mimi nilidhani unanidharau.”

Kumbe tangu mavuno ananiambia mama yake huko Kinyangiri hawezi tena kujipikia, tumlete hapa kwetu. Kaniambia usiku, kaniambia asubuhi. Sikujibu. Akaona hilo ndilo jibu. Akampigia kaka yake aje amchukue yeye, arudi kwao kwa mama. Si kwa wiki moja — kabisa.

Nikasema sikusikia. Akasema sasa anajua. Lakini kaka ameshajiandaa. Hakusema kingine. Au alisema.

Jumamosi, 15 Juni
Shemeji Nathanaeli kafika na pikipiki. Nikamwamkia. Kaitikia, sikusikia uchangamfu, ila siku hizi siwezi kuapa. Anakunywa chai nje. Kuingia kakataa.

Nimezima redio. Nimesogeza kiti nimekaa karibu na mlango wa chumba Yasinta anamofunga begi, sikio la kulia likiwa upande wa mlango. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Nimemwambia: mama aje. Chumba cha mbegu tutakisafisha. Nimesema kwa sauti kubwa kupita kiasi — Nathanaeli kageuka huko nje.

Yasinta katoka na begi. Kanipita hadi kushoto, kasimama. Kazunguka kiti changu, kapita nyuma, kaja upande wa kulia. Begi kaliweka chini.

“Sasa nisikilize,” kasema.

Naweka kalamu