Bangili Ulizoahidi Kutovaa

Mpendwa Mama Akinyi,

Kosa la wanandoa wengi wanaoweka akiba ya uzeeni ni kwamba hupatana siku moja, kisha hawaulizani tena. Sisi tulilifanya kosa hilo mezani petu Kawangware, na siku hiyo mwenye maneno mengi nilikuwa mimi.

Ulikuwa mwaka ule unga ulipokuwa ukipanda bei kila tukienda dukani. Ulirudi kutoka Kibera kwa rafiki yako Mnubi, Mama Halima, ukanikuta nikisahihisha madaftari. Nguo zako zilikuwa bado zinanukia samaki wa kukaanga uliowauza sokoni asubuhi.

"Mwalimu, pesa zetu za uzee ziko benki zote, na kila mwezi zinanunua kidogo. Mama Halima na dada zake wanaweka dhahabu. Na sisi tuongeze."

Nilikueleza kwa kirefu, unavyonijua. Dhahabu haizai riba. Ukinunua bangili unamlipa sonara kazi ya mikono yake, ukiuza unalipwa uzito peke yake. Kwa hiyo isiwe akiba yote, iwe sehemu tu. Ulikubali. Lakini kilichonisumbua hasa hakikuwa hesabu. Kanisa letu lilikataza mapambo, na mimi nilikuwa mzee wa kanisa.

"Sasa kanisa zima lione mke wangu anageuza samaki na dhahabu mkononi?"

"Kwani nimesema nitavaa?"

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja, Mwalimu. Ama nikuapie?"

Ukacheka, nami nikaridhika. Sikukuuliza kama ulitaka kuvaa.

Tulinunua bangili tatu, polepole, zikakaa ndani ya kopo la majani ya chai. Jumamosi moja nilikukuta umeishika moja kwenye mwanga wa mlango, unaifuta kwa pindo la leso. Nilisema, "Funika, kuna watu nje." Ukafunika. Bado nausikia mfuniko ule.

Ulipotutoka, malipo yangu ya kustaafu yalikuwa bado yanazungushwa ofisini. Dhahabu yako ndiyo iliyonilipia kodi ya nyumba na kunilisha. Ulikuwa umeona mbali kuliko mimi. Lakini kila nilipopeleka bangili kwa sonara, aliigeuzageuza na kushangaa: "Mzee, hii haina hata mkwaruzo. Mama hakuipenda?" Nilipokea pesa nikatoka kama mtu aliyeiba.

Juma lililopita nilikwenda Kibera kumjulia hali Mama Halima. Alikuwa akinimiminia chai, bangili zikigongana mkononi, akaniona ninazitazama.

"Mwenzako alizipenda hizi! Akiingia hapa, hata hajakaa, ananiambia, 'Vua, lete.' Anapika nazo, anapiga makofi makusudi zilie. Akiondoka anazivulia hapo mlangoni."

"Lakini aliniahidi hatavaa."

"Mwalimu," akasema, "aliahidi kuhusu zake. Zangu hakuahidi mtu."

Nilicheka, kisha nikashindwa kumaliza chai. Uliishika ahadi uliyonipa bila kuivunja hata kidogo, ukaenda kuazima furaha yako mtaa mwingine ilhali kopo lilikuwa limejaa nyumbani. Nilikulinda na macho ya kanisa, kumbe macho niliyoyaogopa yalikuwa yakinitazama mimi.

Bangili ya tatu siiuzi. Binti yetu amekuja leo kutoka Riruta, nimemvalisha kabla hajaketi. Akasema, "Baba, na watu wa kanisani?" Nikamwambia waje waniulize mimi. Sentensi hiyo nilipaswa kuisema kwa ajili yako, nami nimeichelewesha.

Lala salama, Nyar Alego, binti wa Alego. Siku nitakayokufuata, nitauliza kwanza, nieleze baadaye.

Mumeo,
Baba Akinyi

Nanyi mnaosoma barua hii kwa mke wangu: kama mmeficha dhahabu yenu ya uzeeni, itoeni leo, mumvalishe mwenyewe.