Kisanduku Kilichomsubiri Baba

Nyumbani,
Chumba cha cherehani,
Jumapili mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zetu sote. Hujambo huko, na wifi yangu hajambo? Kile kikohozi chako kimepoa? Sisi tu wazima. Mama magoti yanamsumbua akipanda ngazi, lakini mdomo wake, kama unavyoujua, haujambo kabisa.

Tunashukuru kwa kile kisanduku cha kuchomeka kwenye televisheni. Ulikituma ili Baba apate kutazama ndondi zake kwa intaneti. Hukujua umetuma nini.

Tangu kiharusi kimpate alikuwa haongei. Ulimi haukufa, ulikuwa mzito tu, naye aliona haya. Mnadi mzima, aliyeweza kuuza kabati bovu kwa maneno matupu, leo aombe maji kwa kigugumizi? Akachagua kutikisa kichwa. Na sisi, kabla hajafumbua mdomo, tulikuwa tumeshammalizia neno.

Fundi wa televisheni alipokuja kukifunga alimwonyesha kitufe kwenye rimoti. "Mzee, bonyeza hapa, sema unachotaka."

Mama akadakia, "Anataka ndondi."

Baba akamkazia macho, akainua rimoti mwenyewe, akasema "ndondi" kwa ulimi wake mzito. Kioo kikaleta kondoo wakinyolewa.

Tukainama, hakuna aliyethubutu kumtazama. Mara tukasikia kicheko, na kumbe ni yeye. Tuliwatazama wale kondoo mpaka wa mwisho.

Toka siku hiyo, kila jioni yuko kazini. Kisanduku hakimhurumii wala hakimharakishi. Akikosea kinamletea mapishi au treni, naye anarudia. Juzi nilikuwa hapa nashona, nikasikia neno zima, limenyooka, kisha kengele ya ulingoni. Mguu ukaniganda juu ya pedali.

Fundi anasema visanduku hivi havina maisha marefu. Televisheni zijazo zitakuja na kila kitu tumboni, tena zitakuwa zinazungumza na mtu kama jirani. Akaomba tukibadilisha televisheni tumuuzie hiki apate vipuri. Mama akataka kujibu, akajizuia. Tukamngoja Baba.

"Hiki," akasema, akapumzika, "hakiuzwi."

Mama akaenda jikoni. Alirudi macho mekundu, na kitunguu hakikuwepo.

Mdogo wangu, wewe ulidhani umemtumia mzee kitu cha kupitishia muda. Ahsante sana.

Shangazi anakusalimu, na mshonaji mwenzangu pia, yule tunayemwita Kidole. Mfikishie wifi salamu zangu. Mungu akujazie pale ulipojipunguzia kwa ajili yetu.

Nina ombi moja. Jumapili ijayo Baba atakupigia simu, na amekataa tumsaidie. Ukisikia kimya, usikate. Yupo, neno linakuja.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote.