Jicho la Wanja

Jumatatu, 3 Machi
Asubuhi pasipoti nne hapa studio, Kayanga. Mchana nikafunga pazia. Leo picha ya tano ya kujiigiza. Nimeshakuwa mama wa tangazo la sabuni, mhudumu wa baa, mjane mwenye jembe, bibi harusi anayelia. Wanawake wa magazetini, wote mimi. Leo mke aliyepigwa. Jicho nimelichora kwa wanja na rangi ya mdomo. Elisha, mume wangu, ndiye aliyebonyeza kamera. Alicheka hadi picha mbili zikatikisika.

Alhamisi, 6 Machi
Nimezitundika dirishani. Nilitaka watu wacheke, kisha wajishtukie. Wapi! Wanaangalia ya jicho tu. Jirani wa duka kaniambia pole.

Jumapili, 9 Machi
Siamini. Elisha kasimamishwa kwaya, mbele ya kanisa zima! Nikasimama, nikasema lile jicho ni rangi tu. Mzee wa kanisa akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, usimfiche." Kumbe mdomo wangu si kitu, picha ndiyo inayojua. Nina hasira. Elisha karudi Bugene kwa miguu, hakunisubiri. Hajala. Kasema tu kwamba mama yake alikuwepo.

Jumatano, 12 Machi
Wazee wameketi ofisini kwa mchungaji. Nimekwenda na rangi zangu. Nikaomba mtu anikopeshe uso, waone. Wanaume wakatazamana. Mama Koku, mke wa yule mzee aliyenihurumia, alikuwa anawamiminia chai. Akaweka birika chini, akakaa mbele yangu.

Dakika tano, jicho likavimba. Wakaguna. Mchungaji akacheka, akampa Elisha mkono. Yamekwisha.

Nikamfuta Mama Koku kwa mafuta. Wanja ukatoka. Rangi ikatoka. Poda yake nayo ikatoka. Shavuni ikabaki alama ambayo sikuichora mimi. Nikasugua tena, mjinga mimi. Akafumba macho kwa maumivu, akanishika mkono. Wenzetu walikuwa wanakunywa chai. Mumewe aliomba sukari.

Nimeduwaa. Hata Elisha sijamwambia.

Jumamosi, 15 Machi
Mvua. Picha yangu ya jicho nimeitoa dirishani.

Saa nne Mama Koku kaingia, peke yake. Shikamoo. Marahaba. Akavua mtandio, akakaa kwenye kiti. Hakuwa na poda.

"Piga, mwanangu. Usinipake kitu."

Nikapiga. Nimesafisha nakala mbili. Moja kaondoka nayo, moja kasema niitunze. Akaomba niandike tarehe nyuma. Nimeandika.