Figo ya Upande wa Baba

Dodoma,
Jumapili mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Shikamoo ya pili ni ya Bibi, naomba umfikishie ukiwa umemshika mkono, maana ya mdomo tu haipokei. Mguu wake umepoa? Na kikohozi chako cha vumbi la salfa kimeondoka, au bado unakificha ili umalize kupuliza mikorosho? Sisi huku ni wazima kwa kiasi cha watu wanaoshinda hospitali. Baba anakula na analala. Jana Mjomba Hamisi alimnyoa ndevu, akawa anajitazama kwenye kioo cha dirisha kama bwana harusi.

Barua hii anakuletea Mjomba mwenyewe, na bahasha nimeifunga kwa gundi kwa sababu naye nimemwandika humu ndani, na ninamjua. Isome mwenyewe, polepole, usimpe mdogo wangu Salumu akusomee. Kwenye simu mazungumzo haya hatuyawezi. Wewe unasema "nimekusikia mwanangu," mimi nasema "sawa Mama," tunakata, kila mtu anabaki na yake.

Tulipofikia unapajua. Figo za Baba zimechoka zote mbili, na tangu walipotuambia pale hospitali ya Mkomaindo tuje huku mbele, anaishi kwa kusafishwa damu kwenye mashine. Wauguzi wanamsifu kwa kuvumilia kiu, kwa sababu maji anapimiwa. Hawajui kwamba amekaa Newala kwenye shida ya maji, akazoea kuoga kwa kopo moja. Lakini mashine haiwezi kuwa maisha yake yote, na madaktari wanasema anaweza kupandikizwa figo ya ndugu. Baba Mdogo wa Lupaso damu yake haikukubaliana na ya Baba. Shangazi ana presha. Salumu bado mtoto. Nikapimwa mimi, ikaonekana nafaa. Nilipokwambia, uliniuliza mara mbili kama vipimo havijakosea. Kisha ukasema, "Neno hilo si langu peke yangu. Hamisi aje huko."

Nilikasirika, Mama. Mwili ni wangu, nimesoma, nina kazi, kwa nini Mjomba awe na neno? Lakini nilijua kwa nini. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na Baba alitoka Lupaso akaja Chilangala kuoa, akajenga kwenye ardhi ya kina Bibi, na mpaka leo Mjomba anamwita mgeni. Nimekua nikilisikia jina hilo kama utani, nikicheka pamoja nanyi. Huku mbali ndiko nilikoanza kujiuliza kama Baba naye alikuwa anacheka.

Huwa unaniuliza kazi yangu hasa ni nini. Ni utafiti wa kuwafuatilia watu waliowapa ndugu zao figo, mwaka hadi mwaka, ili ijulikane wanaishije na figo moja iliyobaki. Nawapima presha, napeleka mkojo wao maabara, nawauliza wanafanyaje kazi na kama wanajuta. Wengi wako vizuri, wanalima, wanazaa. Wapo waliopata presha baadaye. Yupo mama mmoja aliyeniambia mwili wake haudai kitu, ila moyo unadai, kwa sababu kaka yake aliyempa figo siku hizi haji kumwona. Sikufichi. Hatari ipo, ni ndogo, na nimeiona kwa macho yangu kwa wanaoibeba.

Sasa na mimi nitaingia kwenye utafiti huo huo, na mwenzangu Neema ndiye aliyenisomea maelezo ya kuomba ridhaa, maana mtu hawezi kujihoji mwenyewe. Maelezo hayo ya Kiswahili niliyaandika mimi. Alipofika kwenye maneno "unaweza kujitoa wakati wowote bila kueleza sababu," nilimwomba arudie. Nimewasomea wengine sentensi hiyo bila kuisikia. Nilikaa nayo mpaka chai ikapoa, nikitafuta ndani yangu kama kuna mahali panapotaka kujitoa. Hofu niliiona. Mahali pa kujitoa sikupaona.

Mjomba alifika Jumanne na mfuko wa ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, na korosho za kukaanga, vitu ambavyo Baba amekatazwa vyote. Akaketi ukingoni mwa kitanda akaanza kuzitafuna korosho moja moja.

"Mgeni, utatusamehe. Wenyeji tunakula."

"Kula, shemeji. Hizo zimetoka kwenye mikorosho niliyoipalilia mimi."

"Ndiyo maana tamu."

Muuguzi aliyekuwa anampima Baba hakujua acheke au awatenganishe.

Kesho yake tuliitwa kwa afisa ustawi wa jamii. Yeye kazi yake ni kuhakikisha hakuna anayetoa figo kwa kushurutishwa. Akamuuliza Mjomba kama kuna mtu wa nyumbani ananilazimisha.

"Huyu?" Mjomba akasema. "Huyu tangu anaota meno hajalazimishwa kitu akakubali. Anayelazimishwa hapa ni mimi."

Kisha yule afisa akamgeukia Baba, akamuuliza kama yuko tayari kupokea. Hili hatukukwambia, Mama. Baba alisema hapana.

Alilisema kwa sauti ndogo, macho kwenye viganja vyake. "Nimekaa kwenye ardhi yao. Wamenipa mke, wamenilisha. Sasa nichukue na kiungo cha mtoto wao? Kikija kuharibika ndani yangu nitawaambia nini? Niacheni na mashine."

Nilikuwa nimejiandaa kwa Mjomba tu. Kila swali lake nilikuwa na jibu lake tayari. Hapana ya Baba sikuwahi kuiwaza.

Mjomba alivua kofia, akaivaa tena. Akamuuliza yule afisa, "Mama, hebu nieleze. Mtu anazaliwa na figo ngapi?"

"Mbili, mzee."

"Basi imekwisha. Moja kaipata kwa mama yake, moja kwa baba yake. Ya kwetu hatumpi mtu, ibaki hapo hapo ilipo. Hiyo nyingine haijawahi kuwa yetu. Ni ya huyu bwana, tulikuwa tunamtunzia. Achukue chake."

"Shemeji..." Baba akaanza.

"Usiniite shemeji. Unataka tukae na mali ya watu mpaka lini?"

Baba alicheka. Halafu alijifunika uso kwa mkono, na sisi tukatazama ukutani. Alipoutoa mkono alisema, "Haya. Nitachukua."

Ungedhani nilifurahi. Nilitoka pale nikibishana na nafsi yangu. Kazi yangu yote ni kuhakikisha mtu hakubali jambo kwa sababu ya maneno yasiyo ya kweli, na figo hazigawanywi hivyo, Mama. Zote mbili zina wewe ndani yake na zote mbili zina Baba. Kama Baba amekubali kwa sababu ameliamini lile, basi hajakubali. Na nikimwambia, huenda akarudi kwenye hapana yake, na mashine si kitu cha kumtegemezea mtu miaka.

Nilikwenda kumwambia asubuhi iliyofuata. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kama anavyomsikiliza bwana shamba.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi nimechinja mbuzi wangapi? Figo ni figo. Najua."

"Sasa mbona ulikubali?"

"Ulimsikia alivyosema? Kasema chake. Mbele za watu. Nimekaa pale tangu hujazaliwa, sijawahi kuambiwa kitu cha pale ni changu."

"Hata sisi watoto wako?"

"Ninyi ndio hasa."

Nilimsogezea shuka miguuni ingawa haikuwa imesogea.

Mjomba nilimkuta nje kwenye benchi, nikamuuliza kama yeye anayaamini maneno yake. Akanitazama kwa huruma. "Mpwa wangu, ninyi mliosoma mkitaka jambo mnaleta vipimo. Mimi nina wazee wa ukoo wananingoja Chilangala. Niwapelekee mkojo?"

Basi Mama, upasuaji ni Alhamisi ya wiki ijayo, si ya wiki hii inayoanza kesho. Mjomba atabaki na Bibi na kusimamia kupuliza, wewe uje na basi la Jumatatu ya wiki hiyo kupitia Masasi. Neema na mimi tutakupokea kituoni. Neno la ndiyo bado sijalisikia kinywani mwako, wala sitakulazimisha ulitamke. Nikikuona unashuka kwenye basi nitajua umeniridhia, na hiyo radhi ndiyo ninayoitaka kuliko dawa yoyote watakayonipa.

Kuna jambo moja zaidi. Mjomba atakapowaeleza wazee habari ya figo ya kwetu na figo ya mgeni, usimsahihishe. Nayaandika haya mimi ambaye kazi yangu ni kusahihisha. Wazee hawatoi wala hawapokei. Sisi tunaotoa na kupokea, ukweli tunaujua.

Salamu zangu kwa Bibi, na umwambie ming'oko nimekula kwa niaba ya Baba. Msalimie Salumu, asome, asijifiche nyuma ya korosho. Msalimie mke wa Mjomba, na jirani yetu Mama Zainabu anayekutunzia kuku wako. Baba Mdogo na Shangazi wa Lupaso wapigie wewe, wasikie kwa sauti yako na si kwa watu.

Juzi uliniuliza, tukilazwa vitanda viwili kwenye vyumba viwili, wewe utakaa wapi. Nimelifikiria hilo kuliko upasuaji wenyewe. Kaa kwa Baba. Mimi nina nguvu, tena nina Neema, na nitajua uko nyuma ya ukuta. Yeye akifumbua macho akuone wewe, mwenyeji wa Chilangala, umekaa upande wake, na kabla hajauliza lolote umwambie chake kimefika.

Mwanao wa kwako na wa kwa Baba,

Somoe